Trekta limefanyiwa ovahoo lakini bado linakula oili? Pima kwanza, fungua baadaye

Msimu uko mlangoni. Hapa Soweto malori ya viazi na ndizi bado yanapishana sokoni, lakini ukipita kwenye magereji ya pembeni utaona matrekta yamepanga foleni. Kila mwenye trekta anataka liwe tayari kabla mvua za Novemba hazijashika. Ukichelewa wiki mbili, kazi ya kulima ya watu inachukuliwa na mwingine.

Leo sizungumzii mbegu wala mbolea. Nazungumzia oili, kwa sababu mwaka huu swali hili nimeulizwa mara nyingi kuliko la viwavijeshi. Na nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Kijana mmoja ninayemfahamu ana Massey Ferguson 290, la zamani, alilonunua likiwa limeshatumika sana. Yeye na wenzake walipata mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya vijana, wakaamua kulifanyia injini ovahoo ili walime kwa kukodisha kutoka Uyole mpaka Igurusi. Kazi ilipokamilika alinipigia: "Bwana shamba, injini imefungwa. Nianzeje?" Nikamjibu kwa kujiamini: "Mdogo wangu, usiikazie. Iwashe iwe sailensi siku tatu, halafu vuta tela nyepesi wiki moja, ndipo uguse jembe." Ndivyo nilivyosikia kwa madereva wa zamani nilipokuwa mtoto, na sikuwahi kujiuliza kama ni kweli.

Baada ya siku kumi alikuja ofisini ameshika kidumu kitupu cha oili cha lita 5. Kimeisha kwa siku tano za tela. Fundi wake ameshasema: "Ringi hazijashika, tufungue tena." Kufungua tena ni gasketi mpya, ringi mpya, na wiki nzima trekta limekaa juu ya mawe huku rejesho la mkopo linamsubiri mwisho wa mwezi. Aliniuliza swali moja tu: "Tufungue au tusifungue?"

Nilimwomba siku mbili tupime. Haya ndiyo tuliyoyafanya, kwa mpangilio, na wewe unaweza kuyafanya kwako.

1. Jua inakula kiasi gani

"Inakula oili sana" si kipimo. Kila injini ya dizeli inakula oili kidogo, kwa sababu ukuta wa silinda lazima uwe na utando wa oili na sehemu ya utando huo huungua. Swali ni kiasi gani, ukilinganisha na dizeli iliyochomwa.

Pima asubuhi kabla ya kuwasha, trekta likiwa kwenye sehemu tambarare. Jaza oili mpaka alama ya juu. Fanya kazi ya siku. Andika lita za dizeli ulizotumia. Kesho asubuhi, pale pale, ongeza oili kwa chupa yenye vipimo mpaka alama ile ile, na uandike ulichoongeza. Fanya hivyo siku mbili au tatu.

Kwa injini za zamani, kanuni ya gereji ninayoitumia ni hii: ikiwa chini ya nusu lita ya oili kwa kila lita 100 za dizeli, endelea na kazi yako. Ikikaribia lita moja kwa lita 100, anza kutafuta sababu. Ikizidi hapo, kuna tatizo. Kijana wetu alikuwa ametumia lita 5 za oili kwa dizeli isiyofika lita 130, yaani karibu lita 4 kwa kila 100. Hapo hakuna ubishi, ni tatizo. Lakini tatizo gani?

2. Kagua kijiti cha kupimia

Hili watu wanalicheka, na ndilo lililotushika sisi. Nilimuuliza fundi kama kijiti ni cha injini ile. Akafikiri kidogo, akasema: "Bwana shamba, cha kwake kilikatika, tukaweka cha trekta lingine."

Tulimwaga oili yote ikiwa ya moto, tukabadilisha filta, tukamimina kiasi kile kinachosemwa na kitabu cha injini. Tukawasha dakika chache, tukazima, tukasubiri robo saa. Kijiti kilionyesha kwamba oili iko chini sana. Maana yake, kila alipojaza mpaka alama ya juu, alikuwa anazidisha karibu lita 2.

Oili ikizidi, krankishafti inapozunguka inaichapa kama mtu anavyopiga mayai. Inakuwa povu, inarushwa kwenye kuta za silinda kuliko ringi zinavyoweza kufuta, na nyingine inatokea kwenye bomba la kupumulia. Injini inachoma ziada ile, wewe unaona imepungua, unaongeza tena. Tulipiga alama mpya kwenye kijiti kwa tupa, pale oili ya kitabu ilipofika. Somo: kama injini imefunguliwa, usiamini kijiti mpaka umekihakiki mwenyewe.

3. Tafuta inakovuja kabla hujasema inachomwa

Osha injini vizuri. Usiku tandika boksi lililokunjuliwa chini ya trekta, kuanzia rejeta mpaka klachi. Asubuhi soma matone. Angalia sili ya mbele ya kranki, kava la tepeti, kiti cha filta, gasketi ya sampu, na pale injini inapoungana na nyumba ya klachi. Injini nyingi za zamani za Perkins zina sili ya kamba upande wa nyuma, na kamba hiyo isipolazwa vizuri wakati wa ovahoo, oili inashuka taratibu kwenye klachi. Tone moja moja ukiwa umesimama linakuwa mkondo injini ikiwa na moto na resi.

Kuna kinyume chake, na ndicho hatari zaidi. Kama oili haipungui kabisa, au inaongezeka, usifurahi. Nusa kijiti. Kikinuka dizeli, huenda kiwambo cha pampu ndogo ya kuvuta dizeli kimetoboka, au sili ya shafti ya pampu kubwa imechoka, na dizeli inaingia kwenye sampu. Oili inakuwa nyepesi kama maji na beringi zinakufa ukidhani mambo ni mazuri. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hiyo ni maji. Zima, usiwashe tena mpaka umejua yanakotoka.

4. Soma moshi, lakini usiusome kama wa gari la petroli

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka asubuhi tu ukapotea baada ya dakika chache, washuku gaidi za vali, kwa sababu oili ilichuruzika usiku. Ukiendelea wakati trekta linavuta mzigo, washuku ringi na silinda.

Mafundi wengi wana jaribio la kushuka mlima bila kukanyaga mafuta, kisha kukanyaga ghafla na kutazama moshi. Hilo ni zuri kwa petroli. Dizeli za matrekta yetu hazina kizibo kwenye njia ya hewa, hivyo mvuto wa kunyonya oili kwenye gaidi ni mdogo. Usihukumu gaidi za vali kwa jaribio hilo peke yake.

Moshi mweupe wa Julai, asubuhi ya baridi ya Uyole, mara nyingi ni dizeli ambayo haijaungua vizuri. Ukiondoka injini ikipata moto, usihangaike nao. Moshi mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo. Huu nitaurudia hapa chini, maana kwetu nyanda za juu una habari yake.

5. Sikiliza injini inavyopumua

Injini ikiwa na moto na resi ya kati, chomoa bomba la kupumulia au fungua kifuniko cha kujazia oili. Ukiona mvuke kidogo, ni kawaida. Kifuniko kikiwekwa juu chini pale pale kwenye tundu, kikacheza kidogo, ni sawa. Kikirushwa, au moshi ukatoka kwa vishindo, gesi ya mwako inapita kwenye ringi na kushuka kwenye sampu.

Kabla ya kulaumu ringi hakikisha bomba lenyewe halijaziba kwa tope au nyasi. Likiziba, presha inajaa ndani na kusukuma oili nje kupitia sili. Nimeona sili tatu zikibadilishwa kwa kosa la kiota cha mdudu.

6. Njia ya hewa

Matrekta mengi ya zamani yana chujio la hewa lenye bakuli la oili. Bakuli likijazwa kupita alama, injini inainywa oili ile moja kwa moja. Ni kosa dogo, linaonekana kama ringi mbovu.

Kubwa zaidi ni vumbi. Fungua mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini, pitisha kidole ndani. Kidole kikitoka na vumbi, acha kila kitu, hapo ndipo pa kuanzia. Vumbi la Usangu mwezi wa kumi ni msasa. Ringi mpya kabisa zinaweza kuisha ndani ya wiki chache kwa sababu ya mpira uliopasuka au klempu iliyolegea. Ukifanya ovahoo bila kutibu njia ya hewa, umenunua ovahoo ya pili.

7. Muulize fundi kwa heshima

Fundi si adui yako. Lakini hela ni yako, na una haki ya kujua. Mimi niliuliza hivi, tukiwa tumekaa na soda:

Slivu zilibadilishwa, au ziliwekwa ringi mpya kwenye slivu za zamani? Silinda ilipimwa juu, katikati na chini? Silinda iliyochakaa huwa pana zaidi karibu na juu na haiwi duara kamili, na ringi mpya haziwezi kuifuta vizuri. Ukuta ulichorwa mistari ya kukatiana, ile inayoshika oili? Pengo la kila ringi lilipimwa ndani ya silinda? Alama ya juu ya ringi ilitazama juu? Mapengo yalitawanywa, yasikae mstari mmoja? Gaidi za vali zilipimwa, au vali zilisagwa tu? Beringi za konrodi zikoje? Zikiwa na nafasi kubwa, zinarusha oili nyingi kwenye silinda na ringi zinazidiwa.

Fundi wa kijana alijibu vizuri. Slivu mpya, pistoni mpya, mapengo yamepimwa, na vipande vya zamani alikuwa amevihifadhi kwenye gunia. Nilianza kuona aibu, kwa sababu lawama ilikuwa inanirudia mimi.

8. Kompresheni, na mwinuko wetu

Kama gereji ina geji ya dizeli, pima silinda zote nne, injini ikiwa na moto na betri ikiwa na nguvu. Usiogope namba zikiwa chini kidogo ya za kitabu. Jiji la Mbeya liko kwenye kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina mgandamizo pungufu kwa karibu asilimia 18. Muhimu ni silinda zifanane. Moja ikiachwa mbali na wenzake, tatizo liko kwenye ile. Zote zikiwa chini kwa pamoja, fikiria uchakavu wa jumla, au ukuta wa silinda uliong'aa.

Mwinuko huo huo unahusu pampu ya dizeli. Trekta lililoseti pampu yake kwa hewa ya chini, kisha likaletwa huku, linapewa dizeli ile ile kwa hewa pungufu. Matokeo ni moshi mweusi, na dizeli ya ziada inayoosha utando wa oili kwenye ukuta wa silinda. Ringi zinasuguana na chuma kikavu. Kama trekta lako linafuka moshi mweusi likivuta mzigo hata baada ya kusafisha chujio, peleka pampu na nozeli kwa mtu mwenye mashine ya kupimia. Usiruhusu zungusha-zungusha ya bisibisi.

Kosa langu lilikuwa wapi

Injini ya MF 290 ni Perkins 4.248: silinda 4, ujazo wa inchi 248, kama lita 4. Ringi zake, kama za injini zote, hazijibani kwenye ukuta kwa nguvu zake peke yake. Gesi ya mwako inaingia nyuma ya ringi ya juu na kuisukuma kwenye ukuta. Mzigo ukiwa mkubwa, msukumo ni mkubwa, na ringi zinasugua vilele vya ile michoro mpaka zimekaa sawasawa. Kazi hiyo inafanyika zaidi katika saa za mwanzo.

Ukiiacha sailensi, gesi haina nguvu. Ringi zinateleza juu ya oili, oili inaungua taratibu na kujaza michoro kwa utando mgumu unaong'aa kama kioo. Ukuta ukishang'aa hivyo, ringi hazina cha kushika. Siku tatu za sailensi na wiki ya tela nyepesi nilizomshauri ndizo zilizokuwa zinamla oili. Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya fundi. Fundi akacheka: "Kwa hiyo bwana shamba ndiye wa kununua ringi!"

Baada ya kurekebisha kijiti, tela ile ile ilitumia lita 0.7 za oili kwa lita 30 za dizeli. Bado zaidi ya lita 2 kwa 100. Njia ya hewa ilikuwa safi, hakuna kuvuja, kompresheni zilifanana, kifuniko kilicheza bila kurushwa. Injini ilikuwa na saa chache tu, hivyo tukakubaliana kuipa mzigo kabla ya kuifungua.

Tulifunga plau ya disiki tatu. Iliwashwa, ikapata moto wa kawaida bila kukaa sailensi muda mrefu, ikaingia shambani. Gia ya kufaa, resi ya kutosha, mzigo wa kutosha: inavuta kwa nguvu lakini hailemewi wala kugonga. Kila mstari ukiisha ilipumua kidogo kwenye kona. Tuliangalia geji ya joto na presha ya oili kila mara. Oili ilikuwa ya kawaida ya madini, 15W-40 ya dizeli. Hatukuweka dawa ya chupa. Na hatukuchanganya oili nzito ya gia, kama wengine wanavyofanya ili "kuziba". Oili ya gia haizibi kitu kwenye injini. Asubuhi ya baridi inachelewa kufika kwenye beringi, basi.

Siku ya kwanza moshi wa bluu ulikuwepo, nami sikulala vizuri. Siku ya tatu ulipungua. Baada ya kama saa 40 za jembe tulipima tena: lita 0.4 za oili kwa lita 70 za dizeli. Hiyo ni chini kidogo ya 0.6 kwa 100. Hatujafungua injini. Rejesho lilipelekwa kwa wakati, na sasa trekta liko Igurusi.

Lakini sikilizeni: tulibahatika kwa sababu tuliwahi. Injini iliyokaa miezi na ukuta uliong'aa mara nyingi haiponi kwa jembe. Hiyo itafunguliwa, ukuta uchorwe upya na ringi mpya ziwekwe.

Ufungue lini, uvumilie lini

Fungua kama kompresheni ya silinda moja iko chini mno, presha ya oili imeshuka, injini inagonga, au vumbi limepita kwenye chujio na kifuniko kinarushwa. Hapo kila saa ya kazi inaongeza gharama.

Vumilia kama kiasi hakipandi, presha ni nzuri na nguvu ipo. Piga hesabu yako: lita za oili kwa siku, mara bei unayonunulia, mara siku za kulima zilizobaki. Linganisha na gharama ya kufungua, ukijumlisha siku ambazo trekta litalala wakati watu wanahitaji kulimiwa. Mara nyingi jibu ni kumaliza msimu, kisha kufungua mwezi wa nne ukiwa na hela na utulivu. Ila beba kidumu cha oili shambani, na pima kila asubuhi bila kukosa.

Na anzisha daftari. Tarehe, saa za kazi, dizeli, oili. Safu nne tu. Ukimpelekea fundi daftari hilo, atakuheshimu, na mtabishana kwa namba badala ya hisia.

Mimi nimejifunza kutosema jambo la injini kwa sababu tu nilimsikia mzee mmoja. Wewe kama una trekta lililofungwa injini wiki hii, usiliache linanguruma bure uani. Lipeleke likalime.